Kiwanja cha wazi ni amana, siyo jalala

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.t). Rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad (s.a.w), aali zake na Masahaba wake.

Ndugu zangu Waislamu, wakazi wa Morogoro tumeneemeshwa. Maji yanateremka kutoka milima ya Uluguru, Mto Morogoro unakatiza mjini na kuingia Ngerengere, nao Ngerengere unaingia Ruvu, mto unaonywesha Dar es Salaam. Lakini tazameni viwanja vya wazi mitaani kwetu! Mtaani ninakoishi kipo kimoja: majani yamefika kiunoni, taka zimerundikana, na mvua ikinyesha uchafu ule unakwenda mtoni. Kila apitaye huilaumu Manispaa, kisha huenda zake. Watoto wanacheza mpira barabarani, katikati ya bodaboda.

Hebu turejee kwenye Sira. Mtume (s.a.w) alipohamia Madina mwaka 622, eneo la kujenga Msikiti wake lilikuwa mali ya mayatima wawili wa Bani Najjar. Palikuwa na magofu, mitende na makaburi ya zamani ya washirikina. Walitaka kumpa bure, akakataa, akalilipia. Ndipo likasafishwa na kusawazishwa, naye akabeba matofali pamoja na Masahaba. Pakawa mahali pa kuswali, kusoma na kupokea wageni, na mafukara wa Suffa wakapata pa kulala.

Je, hayo ni ya zama zile tu? Dandora, Nairobi, liliko jalala kuu la jiji lile, nyumba zimezunguka nyua za pamoja ambazo nazo ziligeuka majalala. Mwaka 2013 vijana wa ua mmoja walizoa taka, wakapanda nyasi na maua, watoto wakapata pa kuchezea. Nyua nyingine zikafuata. Sisi tuliofundishwa kuwa kuondoa udhia njiani ni tawi la imani, na kwamba mti ukipandwa, akala mtu, ndege au mnyama, ni sadaka kwa aliyeupanda, tuna udhuru gani?

Tuanze na haki. Twende Serikali ya Mtaa, tujue kiwanja ni cha nani, tupate ruhusa kwa maandishi. Kisha tupange zamu za kufyeka, kuzoa na kumwagilia, tukiwashirikisha majirani wote, Waislamu na wasio Waislamu, kwani haki ya jirani haiulizi dini. Tukikiacha, iko siku atakuja mjanja na mabati yake.

Wala tusikisafishe kwa nia ya kukizungushia ukuta, hata kwa jina la madrasa. Anayedhulumu ardhi, ingawa shibiri moja, ameonywa kuvishwa ardhi saba shingoni Siku ya Kiyama. Ikiwa Mtume (s.a.w) hakuchukua bure kiwanja cha Msikiti, mimi na wewe ni nani?

Jumamosi hii, jembe na fyekeo.

Wabillahi Tawfiq.