Hiyo Sadaka Imetoka Mfuko wa Nani?

Neno: Marko 7:9-13



Kazi moja ambayo mchungaji msaidizi hawezi kuikwepa ni kusaidia familia kuandika historia ya marehemu. Nimeshaandika nyingi, na kama marehemu alikuwa mzee wa kujitolea, mpangilio huwa ule ule. Alizaliwa, akasoma, akaoa, wakajaliwa watoto. Halafu inakuja sehemu ndefu: mwenyekiti wa kamati ya shule, mweka hazina wa kanisa, mzee wa Nyumba Kumi, hakuna mazishi wala harambee iliyompita mtaani. Nyumbani kwake kunapata mstari mmoja, kwamba alikuwa mume na baba mwenye upendo. Mara nyingi ni kweli kabisa. Lakini kuna siku tukifika kwa huo mstari naona mama anaangalia chini, na kijana wa kwanza anatoka nje kupokea simu ambayo haijalia.

Mimi nilisomea biashara kabla ya kuingia kwa huduma, na kuna swali la darasani ambalo halijaniacha: ukiambiwa kitu ni cha bure, tafuta aliyelipa. Mtu wa kujitolea halipwi, hiyo tunajua. Lakini ile Jumamosi aliyoipa kamati ilikuwa ya mtu. Ile elfu mbili ya harambee ilitoka kwa bajeti fulani, pengine ya unga. Sasa swali ninalowaletea wiki hii ni hili: mtu akitumikia jamii maisha yake yote, na gharama ikalipwa na mke na watoto ambao hakuna aliyewauliza, je, hiyo sadaka ni yake?

Bwana Yesu aligusa jambo hili katika Marko 7. Kulikuwa na desturi ya korbani. Mtu anatangaza kwamba mali fulani sasa ni ya Mungu, kwa hivyo baba yake na mama yake hawawezi tena kusaidiwa nayo. Mbele ya watu huyo anaonekana mtoaji mkubwa. Yesu alisema watu kama hao wameiondolea amri ya Mungu nguvu yake. Hakukataa utoaji, wapendwa. Alikataa mtu kumpelekea Mungu kitu ambacho tayari ni deni lake kwa mwingine. Na Paulo, katika 1 Timotheo 5:8, anamweka asiyewatunza wa nyumbani mwake chini ya mtu asiyeamini. Hayo si maneno mepesi.

Niwape mfano wa mtu ambaye habari zake ziko wazi, kwa sababu yeye na mkewe walizisimulia wenyewe. Jimmy Carter, aliyekuwa rais wa Marekani kutoka 1977 hadi 1981, alifariki tarehe 29 Desemba 2024 akiwa na miaka 100. Hapa Kenya wengi wanamjua kwa sababu ya waangalizi wa uchaguzi wa taasisi yake. Aliyoyafanya baada ya urais yamesifiwa sana. Mimi nataka turudi nyuma, mwaka 1953.

Wakati huo Carter alikuwa afisa wa jeshi la wanamaji, kijana mwenye kazi nzuri kwa upande wa nyambizi. Baba yake, Mzee Earl, mkulima na mfanyabiashara wa kijiji cha Plains, Georgia, aliugua saratani, na mwanawe akaenda kukaa kando ya kitanda. Watu wakawa wanakuja mlangoni, weusi kwa weupe, kila mmoja na habari ya jinsi mzee alivyomsaidia kimya kimya, mambo ambayo hata mwanawe hakuyajua. Mzee Earl hakuwa malaika. Alikuwa mtu wa enzi zake na aliunga mkono ubaguzi wa rangi. Hata hivyo watu walikuja. Carter akajiuliza, mimi nikifa leo, ni nani atakuja mlangoni pangu? Akaamua kuacha jeshi na kurudi kijijini ili aishi kama baba yake.

Ni uamuzi mzuri, si ndiyo? Ungetolewa kama ushuhuda hapa kwetu tungepiga makofi. Ila aliamua peke yake. Mama Rosalynn aliyapenda yale maisha ya mbali na kijiji. Alilia, akapinga, na bado akapakiwa na watoto watatu wa kiume. Njiani hakumsemesha mumewe. Akitaka gari lisimame wajisaidie, alimtuma mtoto mkubwa amwambie baba yake.

Hebu fikiria hiyo gari. Ziko kama hiyo hapa kwetu pia, na Jumapili zinapaki kwa uwanja wa kanisa.

Mwaka wao wa kwanza kamili wa biashara kijijini, 1954, kulikuwa na ukame, na faida haikufika dola 300. Waliishi kwa nyumba za serikali za watu wa kipato kidogo. Hapo unaona ni nani alilipia ule wito wa kando ya kitanda. Na mwaka 1962, siku aliyofikisha miaka 38, Carter akaamka akavaa suruali ya Jumapili badala ya nguo za kazi. Mkewe akamuuliza kama anaenda mazishi. Akajibu kwamba anaenda kujiandikisha kugombea useneti wa jimbo. Hiyo ndiyo ilikuwa taarifa yote.

Sasa wapo watakaoniambia, Pastor, mbona unachimbua hayo? Angalia matunda. Ni kweli. Mwaka 1986 taasisi yake ilipoanza kuongoza vita dhidi ya minyoo ya Guinea, wagonjwa walikadiriwa kuwa milioni 3.5. Mwaka 2023 dunia nzima waliripotiwa 14. Kenya ilithibitishwa mwaka 2018 kwamba haina tena ugonjwa huo. Bila ile safari ya gari la kimya, pengine hakuna Plains, hakuna siasa, hakuna haya yote.

Lakini mimi sikubali kwamba matunda hufuta deni. Nikichukua pesa zako bila ruhusa nikazipeleka kwa biashara ikafanikiwa, bado nilichukua pesa zako. Carter mwenyewe hakujitetea kwa matunda. Uzeeni alisema wazi kwamba alikosea kuamua bila kumuuliza mkewe, na kwamba alishangaa aliwezaje kufanya hivyo.

Kilichobadilisha mambo kinanifurahisha kwa sababu ya masomo yangu: ni vitabu vya hesabu. Mama Rosalynn alianza kusaidia ofisini pale kwa biashara ya njugu, na baada ya muda mfupi alijua hesabu kuliko mumewe. Mume akaanza kumuuliza, tuendelee na hii au tuache? Hapo ndipo ushirika wao ulipozaliwa. Kutoka 1984, walipopanda basi na wenzao kutoka Georgia hadi New York kukarabati jengo kuukuu la familia 19, walikuwa wakienda pamoja kila mwaka kujenga nyumba za watu wasio na uwezo, kila mmoja na nyundo yake. Oktoba 2019, akiwa na miaka 95, Carter alianguka nyumbani, akashonwa juu ya jicho, na jioni hiyo hiyo akawa Nashville kwa kazi ya ujenzi. Na mkewe alikuwa hapo.

Kwa hivyo ukiniuliza mimi, jambo si idadi ya saa. Kuna ndugu anayetoa saa mbili kwa wiki na ameiba zote mbili. Kuna mwingine haonekani nyumbani siku nne, na nyumba yote inajua aliko, ilimtuma, na inaona ni kazi yao pia. Tofauti ni kuuliza. Na kuuliza kwa kweli maana yake uko tayari kusikia hapana, Baba nanii, mwezi huu hapana, na umpigie mwenyekiti wa kamati simu ukiwa umeketi hapo hapo sebuleni.

Ugumu unabaki kwa watoto. Mke anaweza kukubali. Mtoto wa miaka minane atakubalije? Hapa sina jibu la haraka. Eli alihudumu miaka 40 na vijana wake wakaharibikia pale pale hekaluni. Samweli aliyaona hayo kwa macho yake, na wana wake nao wakala rushwa. Lakini namwangalia Hana, aliyemtoa mtoto mdogo kwa kazi ya Bwana, na bado kila mwaka alimshonea kanzu ndogo akampelekea. Ili ushone kanzu inayotosha, lazima ujue mtoto amekua kiasi gani.

Siku hizi kabla sijaandika ile sehemu ndefu ya historia, naomba kuongea na mama peke yake. Namuuliza ni nani alibaki na watoto siku za mikutano, na ni nani alipika chai ya kamati. Majibu yake naandika palepale, kwa ukurasa ule ule wa mwenyekiti na mweka hazina. Kuna mama mmoja alifikiria, akacheka, akaniambia niandike kwamba chai ilikuwa ya maziwa.