Mtu wa Kwanza Kuumia

Jioni ya tarehe 26 Agosti 1928, mjini Paisley, Uskoti, mfanyakazi wa duka aitwaye May Donoghue aliketi mkahawani na rafiki yake. Rafiki ndiye aliyeagiza na kulipa. Ikaletwa soda ya tangawizi katika chupa ya rangi nzito isiyoonyesha kilichomo. Mwenye mkahawa akaimimina kidogo juu ya aiskrimu, Donoghue akanywa. Rafiki alipomimina iliyobaki, kwa maelezo yao, akatoka konokono aliyeoza. Donoghue akaugua tumbo, akamdai mtengenezaji wa soda fidia ya pauni 500.

Lakini angemdai kwa msingi gani? Soda hakuinunua yeye, kwa hiyo hakuwa na mkataba na yeyote. Kibaya zaidi, Machi 1929, wiki chache tu kabla hajafungua kesi yake, mahakama ya Uskoti ilikuwa imewanyima fidia watoto wa familia moja ya Glasgow waliokunywa soda ya namna hiyohiyo kutoka chupa iliyokuwa na panya aliyekufa. Wakili aliyeshindwa katika kesi ya panya ndiye aliyeichukua ya konokono. Walifika hadi Bunge la Malodi, London, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufani. Donoghue aliapa kwamba mali yake yote duniani haifiki pauni tano, akaruhusiwa kuendelea kama fukara. Mwaka 1932, malodi watatu dhidi ya wawili wakaamua kwamba mtengenezaji anawajibika kumfikiria mnywaji asiyemjua. Lord Atkin aliuliza swali la zamani la Injili, jirani yangu ni nani, akalijibu kisheria: ni yule ambaye ningepaswa kuona kwamba tendo langu linaweza kumdhuru.

Uskoti, ni haki kusema, ina sheria yake iliyochanganya ya Kirumi na ya Kiingereza, lakini malodi waliona kwamba kwa suala hili nchi zote mbili zina jibu moja. Sheria ya uzembe katika nchi nyingi, Kenya, Uganda na Tanzania zikiwemo, inasimama juu ya chupa hiyo. Konokono mwenyewe hakuthibitishwa kamwe. Malodi waliamua kana kwamba madai ni kweli, na shauri likaisha kwa maelewano kabla ushahidi haujasikilizwa.

Ufaransa ilikuwa imeshasema jambo hilo miaka 128 nyuma, kwa sentensi moja. Kifungu cha 1382 cha kanuni ya Napoleon ya 1804 kilisema kwamba tendo lolote la mtu linalomdhuru mwingine linamlazimu mwenye kosa kulipa hasara hiyo. Basi. Hakuna chupa wala panya.

Waingereza hawakuwa wajinga kuliko Wafaransa. Walianzia mlango mwingine. Chini ya Henry wa Pili, aliyetawala 1154 hadi 1189, majaji wa mfalme walizunguka wilaya kwa wilaya, na mwenye shida alinunua hati ya mfalme inayolingana na shida yake. Aliyepokonywa shamba alikuwa na hati yake. Ambaye shida yake haikuwa na hati, kwa kawaida alirudi nyumbani. Sheria ikakua kwa kukumbuka: daftari linalohusishwa na Bracton, jaji wa karne ya 13, lina kesi zipatazo 2,000. Huko bara la Ulaya, wanafunzi wa Bologna walikuwa wakisoma vitabu vya sheria vya Kaisari Justinian wa Roma, wakizoea kutafuta kwanza kanuni, kisha tukio. Mwingereza anauliza, nani ameshawahi kuumia hivi? Mwenzake wa bara anauliza, tuliahidiana nini kabla ya mtu kuumia?

Mwanafalsafa wa Kiingereza Jeremy Bentham aliichukia njia ya kwanza. Alisema majaji wanatutungia sheria kama mtu anavyomtungia mbwa wake: wanangoja akosee, ndipo wanapomchapa. Yeye alimwonea uchungu anayechapwa. Mimi namwonea uchungu zaidi anayeng'atwa, kwa sababu bila jeraha lake hakuna kesi, na bila kesi sheria haisemi. Sheria ya namna hii hulipiwa na mtu wa kwanza kuumia.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba kitabu cha sheria kinamwokoa mtu huyo. Kisha nikasoma habari za Belfort. Mwaka 1925 lori lilimgonga msichana katika mji huo wa Ufaransa. Kifungu cha 1382 kilimtaka aliyeumia athibitishe kosa, na mbele ya mashine kazi hiyo ni ngumu. Mwaka 1930 majaji wakuu wa Paris walichukua maneno machache ya kifungu cha 1384, yanayohusu vitu vilivyo chini ya uangalizi wa mtu, wakayapa uzito ambao watunzi wa 1804, waliojua mikokoteni na farasi, hawakuufikiria. Hata kitabu kilimngoja majeruhi.

Ila majaji wa Paris walisema kanuni ilikuwemo kitabuni tangu 1804, na wenzao wa London kwa karne nyingi walisema wanaitangaza tu sheria iliyokuwepo tangu zama zisizokumbukwa. Pande zote mbili zinakana kwamba zimetunga. Zamani niliuona huo kuwa ujanja. Sasa naona ndani yake deni: wanamwambia aliyeumia kwamba haki yake ilikuwepo siku ile ile alipoumia, na ni sisi tuliochelewa kuiona.

Deni hilo liko kwenye fukwe zetu za Ziwa Tanganyika pia. Upande wa Kigoma, Tanzania, sheria inaelekeza mahakama kwenye misingi ya sheria ya Kiingereza iliyokuwa ikitumika Uingereza tarehe 22 Julai 1920. Vuka ziwa hadi Kalemie, utakuta kifungu cha 258 cha kanuni ya Kongo ya 1888, maneno yaleyale ya 1382, yaliyoletwa na Wabelgiji. Wavuvi wawili wanaozungumza Kiswahili kimoja, wakigongwa na boti moja, watadai kwa njia mbili, na kila njia ina watu wake waliotangulia kuumia.

Nami huwarudia wale watoto wa Glasgow. Hukumu ya 1932 ilikataa hoja iliyowashinda wao, na sasa kila mwanafunzi wa sheria anamjua konokono. Fidia yao haikurudi.