Je, Kusafisha Karatasi ni Dhambi?

Wapendwa, swali hili linaulizwa sana, Thika na Ruiru pia. Mtu anayetaka mkopo wa nyumba, akipanga madeni yake mapema ili benki imwone mzuri, je, huo ni udanganyifu?

Wengi wetu hatuna kadi za mkopo. Lakini tuna M-Shwari tangu 2012, Fuliza tangu 2019, na Hustler Fund tangu mwisho wa 2022. Simu ikileta ujumbe kwamba limiti imeongezwa, mtu anasema Mungu amefungua mlango. Hebu tuwe wakweli, jameni. Limiti si mshahara wa pili. Ni kiasi ambacho mkopeshaji yuko tayari kukudai.

Kupanga si dhambi. Katika Luka 14 Yesu alizungumza juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, akaketi kwanza kupiga hesabu. Kwa mtu wa Makongeni anayetafuta nyumba Ruiru, kuketi huko ni kazi ya miezi. Anachukua ripoti yake ya CRB, maana ana haki ya kupata moja bila malipo kila mwaka. Anamaliza mikopo midogo ya simu, kisha anaacha kuomba mingine, kwa sababu benki itataka stetimenti za miezi kadhaa na ile Fuliza ya kila wiki itaonekana mstari kwa mstari. Tena Sheria ya Ajira hairuhusu makato kupita theluthi mbili ya mshahara. Mkopo wa sacco ukishajaza nafasi hiyo, nyumba haina pa kuingia. Hapo hakuna aliyedanganywa. Deni limepungua kweli.

Kuna njia nyingine, na hiyo ndiyo inanisumbua. Ndugu anakopa kwa dada wa chama, analipa madeni yote ya simu, kisha anapeleka benki karatasi nyeupe kama pamba. Deni halijaenda popote, limehamia tu mahali ambapo CRB haioni. Pengine hata mkewe hajui, naye anaombwa kutia sahihi ya mkopo wa miaka ishirini.

Someni habari za Anania na Safira, Matendo 5. Shamba lilikuwa lao, na hakuna aliyewalazimisha kuuza. Kosa lilikuwa kuonyesha sehemu kana kwamba ndiyo yote. Na angalau wale wawili walikuwa wameambiana!

Mtu atasema, benki haina huruma na riba iko juu. Ni kweli, na ndiyo maana mikopo ya nyumba Kenya nzima haifiki hata elfu hamsini. Lakini benki si ya kuhurumiwa hapa. Benki inashika hati ya nyumba. Dada wa chama hana hati, ana neno lako tu. Mwezi ukibana, nani atalipwa kwanza? Unajua jibu, na ulilijua siku ulipokopa kwake.

Kwa hiyo kabla ya kupanda matatu kwenda benki, andika majina ya wote wanaokudai ambao CRB haiwajui, umwonyeshe mwenzako nyumbani. Ikibidi kungoja mwaka mmoja ili dada huyo alipwe kwanza, ngojeni. Nyumba za Ruiru bado zinajengwa.