Na Becky Je?



Kuna wimbo wa Kenny Rogers ambao huku kwetu hata asiyejua Kiingereza anakijua kisa chake. Unaitwa "Coward of the County", wa mwaka 1979. Mwimbaji alifariki Machi 2020, lakini hapa Ibighi bado yupo: kwa kinyozi, kwenye daladala ya Mbeya, kwenye simu ya kijana wa bodaboda ambaye wimbo ulipotoka hata mama yake hajazaliwa.

Kwa asiyeujua: baba yake Tommy alifia gerezani. Alimwachia mtoto wosia kwamba akiona ugomvi apite pembeni, na kwamba kugeuza shavu la pili si udhaifu. Tommy akaushika, watu wakamwita mwoga. Siku moja akiwa kazini, ndugu watatu wakamvamia Becky, mpenzi wake, wakambaka. Tommy akarudi, akaona, akawafuata baa. Wakamcheka. Akageuka kama anayeondoka, kumbe anaenda kufunga mlango. Hakubaki aliyesimama. Mwisho anamweleza marehemu baba yake kwamba kuna wakati mwanaume lazima apigane.

Hapo kwenye mlango ndipo vijana wanaposhangilia. Na mimi nasisimka, nisiwadanganye.

Wengine hutumia wimbo huu kuonyesha kwamba Mt 5:39 ina mwisho wake. Lakini Yesu hakusema tuwaache wengine waumizwe. Yeye mwenyewe alipopigwa kofi mbele ya Anasi hakunyamaza, aliuliza kosa lake ni lipi (Yn 18:23). Katekisimu, namba 2265, inasema kwamba kwa mwenye dhamana ya uhai wa wengine, kuwalinda ni wajibu mzito. Tommy angewakuta nyumbani akawazuia kwa nguvu, huo ungekuwa ulinzi. Aliwakuta baa, uovu umeshatendeka. Hicho ni kisasi.

Ila kinachonisumbua zaidi si kisasi. Becky yuko wapi?

Tunamwona mara ya mwisho akilia, gauni limechanika. Baada ya hapo hatumwoni tena; anabaki jina tu, Tommy analolitaja anapomwangusha wa mwisho. Picha anayoishika Tommy ni ya baba yake, na anayezungumza naye ni baba yake. Maumivu ya Becky yamekuwa njia ya Tommy kuthibitisha uanaume. Miaka zaidi ya 40 tunaimba, kila mtu anajua nani alifunga mlango, na hakuna anayeuliza nani alimpa yule binti maji ya kunywa.

Jamani, si ndivyo tunavyofanya? Binti akibakwa, wanatoka wanaume na fimbo, gazeti litaandika "wananchi wenye hasira kali". Au wazee wa familia mbili wanakaa chini wanamaliza kwa ng'ombe. Njia zote mbili ni wanaume wanazungumza na wanaume. Wakati huo saa zinakwenda, na dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanzwa ndani ya saa 72, tena mapema iwezekanavyo. Akioga na kufua nguo, ushahidi nao umepotea.

Someni tena Luka 10. Msamaria hakuwakimbiza wanyang'anyi. Alishuka, akamimina mafuta na divai, akafunga majeraha, akampandisha mtu yule kwenye mnyama wake, akatoa dinari mbili. Hapo sisemi wabakaji waachwe. Polisi kuna dawati la jinsia na watoto, waende wakashtakiwe, na anayewaficha ajue anashiriki. Wala sisemi msikasirike: Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba hata kukosa hasira mahali inapostahili ni kasoro. Nasema tu nani ashughulikiwe kwanza.

Niliwauliza mabinti wa kwaya: wewe ungekuwa Becky, ungetaka Tommy aanze na nini? Wavulana walijibu kabla hawajaulizwa, kama kawaida. Mabinti walikaa kimya kidogo. Hakuna hata mmoja aliyetaja baa. Mmoja alisema angetaka amwamini bila kumhoji, amletee kitenge ajifunike, aite mama yake, halafu watafute usafiri waende Makandana hospitali, na asiondoke pale mlangoni mpaka daktari amalize.