Saini ya mwigizaji: ushahidi au masalia?

Saini ya mwigizaji ni jina lililoandikwa kwa mkono wake mwenyewe juu ya picha, bango au kitabu, mbele ya shabiki aliyeiomba. Miongoni mwa makongamano ya mashabiki yaliyoifungulia desturi hii njia ni lile la wapenzi wa tamthilia ya televisheni ya Star Trek, lililofanyika New York mwaka 1972. Siku hizi mwigizaji huketi nyuma ya meza, foleni husogea, shabiki hulipa, husalimiana naye kwa maneno machache, kisha huondoka na karatasi. Ameondoka na nini hasa?

Mji wa Maua, nchini Kenya, una mfano wa karibu wa kulichunguzia swali hili. Barabara itokayo mji wa Meru hupanda milima ya Nyambene, hupita Maua katikati ya mashamba ya miraa, kisha huteremka hadi lango la Murera la Mbuga ya Taifa ya Meru. Humo, karibu na mto Ura, ndimo alimozikwa Elsa, simba jike aliyelelewa na wanandoa Joy na George Adamson, akafa Januari 1961. Filamu ya Born Free ya mwaka 1966 ilisimulia maisha yake. Virginia McKenna aliigiza Joy. Bill Travers, mumewe hata nje ya filamu, aliigiza George. Nafasi ya Elsa ilichukuliwa na simba kadhaa. Kazi ilipokwisha, George aliwaleta baadhi yao, Boy, Girl na Ugas, huku Meru ili wajifunze kuishi porini.

Katika picha ya filamu hiyo iliyotiwa saini na McKenna, sura inasimama badala ya Joy, jina ni la McKenna, na mapenzi yaliyomsukuma shabiki huenda ni ya Elsa. Mwigizaji hakuyaishi maisha yale, aliyaonyesha. Kwa hiyo saini haiwezi kuthibitisha ujasiri wa mhusika wala huruma yake. Inathibitisha mambo mawili tu: kwamba kazi ile ni ya mwigizaji huyu, na kwamba mkono wake ulikuwapo hapo, siku ile. Si machache. Lakini simba walioigiza pamoja naye hawakutia saini popote, na bila wao filamu isingekuwapo.

Dini zimelijadili jambo hili kwa karne nyingi, maana vitu vilivyoguswa na watu watukufu vimeheshimiwa tangu kale. Matendo ya Mitume, sura ya 19, inasimulia jinsi leso zilizogusa mwili wa Paulo zilivyopelekwa kwa wagonjwa. Mtaguso wa pili wa Nikea, mwaka 787, ulitenganisha heshima wanayopewa watakatifu kupitia sanamu zao na ibada anayostahili Mungu peke yake. Mwanamageuzi John Calvin aliyashambulia masalia ya watakatifu kwa ukali mwaka 1543, na Wamethodisti, walioanzisha hospitali kubwa ya Maua, wako upande huo wa mageuzi. Waislamu nao hupokezana habari ya khalifa Umar, aliyelibusu Jiwe Jeusi la Kaaba huku akitamka kwamba ni jiwe lisilodhuru wala kunufaisha, na kwamba asingelibusu kama asingemwona Mtume akilibusu. Habari hii ndiyo inayolimulika suala la saini kuliko zote. Kitu chenyewe hakina uwezo. Maana yake yote inatoka kwa mtu anayekumbukwa. Shabiki anayeitunza saini kwa nia hiyo hajaabudu chochote. Anayengojea karatasi imletee bahati amevuka mpaka, na hapo onyo la Calvin linamhusu.

Wameru walikuwa na mkono mtukufu wa namna nyingine kabisa. Mugwe, kiongozi wa dini aliyeelezwa na padri Bernardo Bernardi katika kitabu cha mwaka 1959, aliwabariki watu wake. Kwa Waimenti, mojawapo ya makundi ya Wameru, mkono wake wa kushoto, wenye uwezo huo wa kubariki, ulifichwa chini ya vazi, na kuuona kulihofiwa kuleta mauti. Hakuna aliyerudi nyumbani na kipande cha Mugwe. Baraka ilikuwa ya jamii nzima, ilhali saini ni ya mtu mmoja, na ndiyo sababu haistahili kuitwa baraka.

Kuhusu malipo, Simoni wa Samaria alikemewa kwa kutaka kununua kipawa cha Mungu kwa fedha. Mwigizaji hauzi kipawa cha namna hiyo. Anauza muda wake, na kulipwa si dhambi. Mwanafalsafa Walter Benjamin aliandika mwaka 1936 kwamba kamera humwondolea mwigizaji uwepo wake mbele ya watazamaji, na kwamba biashara ya filamu huziba pengo hilo kwa kumkuza awe nyota. Foleni ya kongamano ni jitihada ya kuurudisha uwepo huo, ijapokuwa kwa dakika moja.

Thamani ya dakika hiyo haihamishiki. Mnunuzi wa baadaye hupata wino uleule bila kukutana na yeyote. Wafanyabiashara wa saini kwa kawaida huithamini kidogo picha iliyoandikwa pia jina la shabiki, kwa kuwa mteja mwingine haitaki. Lakini hiyo ndiyo inayotaja pande zote mbili za ushahidi, aliyeandika na aliyeandikiwa.