Kuwaongoza Watoto Wadogo (Waefeso 6:4)

Wapenzi ndugu katika Bwana, na hasa ninyi mlioko Kwala mnaotunza watoto wa jirani, mama zao wakiwa shambani au wakiuza chakula karibu na bandari kavu, nawaandikia juu ya fimbo.

Mtume Paulo awaonya akina baba wasiwatie watoto wao hasira. Neno hili nimelihubiri mara nyingi; kulishika ni jambo jingine. Mtoto wangu wa miaka mitatu alimwaga uji juu ya kitabu cha ibada, nami nikamchapa kwa ghadhabu. Siku ya pili, aliposikia vishindo vya miguu yangu, alijificha nyuma ya mtungi. Je, alikuwa amejifunza nini? Uji alikwisha kuusahau. Alikumbuka mkono wangu.

Dr. Martin Luther naye alisimulia ya kuwa mama yake alimpiga mpaka damu ikatoka, kwa ajili ya njugu moja tu. Alipokuwa mtu mzima alifundisha kwamba amrudiye mtoto aweke tufaa kando ya fimbo. Mimi nathubutu kusema: kwa mtoto mdogo namna hii, tufaa litangulie, na fimbo iachwe. Hata Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yakataa kumwadhibu mtoto ambaye kwa udogo wake hawezi kufahamu sababu ya kurudiwa.

Najua mtanijibu kwa Mithali 13:24. Lakini someni mstari wote: kurudi huko kwatoka katika upendo. Nani achapaye kwa upendo, uji ungali watiririka?

Basi mwambieni mtoto la kutenda, si la kuacha tu. Badala ya kumpigia kelele asikimbie, mwambie, “Njoo, nishike mkono, twende polepole.” Amemnyang'anya mwenzake? Keti naye chini, umfundishe maneno ya kuomba, kisha ungoje. Amemwaga maji? Mpe kitambaa, mpanguse pamoja. Akitenda vema, mtaje kwa jina mbele ya wenzake. Tena bibi na mama na mlezi wapatane, kwa maana mmoja akikataza na mwingine akiruhusu, mtoto hujifunza kuchagua mlango tu. Ni kazi ya kuchosha. Huenda ukarudia neno lile lile mara ishirini kabla ya adhuhuri.

Katika Marko 10 Bwana wetu alichukizwa, lakini si na watoto. Alichukizwa na wanafunzi waliowakemea wale waliowaleta.

Nami jioni ile niliketi sakafuni karibu na mtungi, nikamwomba mtoto wangu radhi. Alikawia sana kutoka.