Rangi Juu ya Mkwaruzo: Kutengeneza au Kuficha?

Mkwaruzo kwenye bodi ya gari huzibwa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kulinda bati: likibaki wazi, maji na hewa huzaa kutu, na chumvi ya pwani huiharakisha. Ya pili ni sura. Sababu hizi zikitengana, kazi ile ile ya brashi hubadilika mbele ya dhamiri.

Kazi yenyewe ina utaratibu wake. Namba ya rangi husomwa kwenye kibandiko cha kiwandani, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango wa dereva; Toyota nyeupe nyingi zina namba 040. Namba hiyo hutoa mchanganyiko wa gari likiwa jipya, ilhali jua la miaka limekwisha kulipausha. Kwa hiyo fundi hujaribu kwanza kwenye kipande cha bati, hukiacha kikauke, kisha hukilinganisha na gari juani, kwani rangi mbili zaweza kufanana chini ya taa ya gereji zikatofautiana mchana. Kisha sehemu husafishwa, kutu huondolewa kwa msasa hadi bati ling'ae, praima hupakwa, rangi huongezwa kwa matabaka membamba, na vanishi humalizia.

Hatua ya msasa ndiyo ngumu, na ndiyo rahisi kurukwa. Kutu iliyopakwa rangi huendelea kula bati chini kwa chini. Gari hupendeza siku ya kuuzwa, na baada ya miezi rangi hufura na kubanduka.

Je, muuzaji aliyeinyamazia kutu hiyo amedanganya? Mwanafalsafa Mroma Cicero alilijadili swali hili mwaka 44 KK katika kitabu chake De Officiis. Katika mfano wake, mfanyabiashara amefikisha nafaka Rhodes wakati wa njaa, naye anajua kwamba meli nyingine za nafaka ziko njiani: je, awaambie wanunuzi? Mwanafalsafa Diogenes wa Babylon alishikilia kwamba muuzaji hulazimika kutaja yale tu yanayodaiwa na sheria. Mwanafunzi wake Antipater alitaka mnunuzi ajue yote anayoyajua muuzaji, na Cicero akaegemea upande wake. Katika karne ya 13, Thomas Aquinas alitofautisha kasoro iliyo wazi na iliyofichika: farasi mwenye jicho moja anajieleza mwenyewe, ila kasoro isiyoonekana ni lazima isemwe.

Sheria ya Kiislamu inakwenda hatua moja zaidi, kwa kuwa inahesabu sura ya bidhaa kuwa usemi. Mtume alitia mkono katika rundo la nafaka sokoni, akakuta unyevu ndani, akamlaumu muuzaji kwa kutouweka juu ambako watu wangeuona. Alikataza pia kuacha mnyama bila kukamuliwa ili kiwele kijae siku ya kuuzwa. Katika visa vyote viwili uongo haukutamkwa, ulionyeshwa. Mnunuzi aliyekuta kasoro ya zamani asiyoijua hupewa khiyari ya aibu, yaani haki ya kurudisha alichonunua. Neno aibu kwa Kiarabu ni kasoro ya kitu; Kiswahili kimelihamishia kwenye fedheha ya mtu, na gari lenye kutu iliyofunikwa linazikutanisha maana hizo mbili.

Kwa mizani hiyo, kutengeneza ni kuondoa kasoro, na kuficha ni kuondoa habari ya kasoro. Mkwaruzo uliopigwa msasa na kupakwa praima kabla ya rangi umetengenezwa kweli, hata kama bado unaonekana kidogo. Kutu iliyofunikwa haijatengenezwa, hata rangi ikilingana kabisa. Na pale rangi inapofunika bodi iliyogongwa na kunyooshwa, kazi yaweza kuwa safi, lakini ajali ile inagusa bei, hivyo yafaa isemwe. Anayeitaja hupata bei ya chini, na mauzo yake husimama. Anayeinyamazia huchukua bei kamili ambayo mnunuzi ana haki ya kudai irudishwe.